Maji ya Jiji na Mabomba Yavujayo



Mtu wa Tukuyu akisikia ya kwamba leo nataka kuzungumza habari za kuweka akiba ya maji, huenda akacheka. Atasema, "Bwana huyu ametoka nchi gani? Hapa kwetu shida si maji kuwa machache, shida ni nguo kutokauka." Wala hana kosa. Nchi ya Rungwe hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka, na mji wa Dar es Salaam hupata kama nusu yake tu. Mlima wetu, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, huyapokea mawingu yatokayo upande wa Ziwa Nyasa, na mawingu yakigonga mlima huteremka kuwa mvua juu ya migomba, chai na kahawa. Mito yetu ya Kiwira na Mbaka hupita ikinguruma kiangazi na masika.

Basi, kwa nini nizungumze nanyi habari za kiu ya mijini? Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni hii, ya kuwa watoto wetu wengi huenda kukaa mijini, nao huenda na desturi za nyumbani, yaani desturi za watu ambao maji hawakuyahesabu kamwe. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2023 mkataba ulitiwa sahihi wa kuyachukua maji ya mto Kiwira kwa mitambo na mabomba mpaka jiji la Mbeya, na kazi hiyo ilikusudiwa kulipatia jiji zaidi ya lita milioni 100 kila siku. Maana yake ni kwamba maji yapitayo karibu na mashamba yetu yalikwisha kuwekwa katika hesabu ya jiji. Kumnyima jirani maji si desturi njema. Lakini mwenye kutoa ana haki ya kuuliza, huko yaendako yatatunzwaje?

Ili tupate kujibu swali hilo, na tuangalie habari za mji uliotutangulia katika jambo hili, nao ni Dar es Salaam. Habari yake kwa ufupi ni hii: kila mji huo ulipoona kiu, ulikwenda kuleta maji mengine kutoka mbali zaidi, lakini ulichelewa sana kuuliza yale uliyokuwa nayo yamekwenda wapi.

VISIMA VYA KWANZA

Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Siku hizo watu walichota maji visimani. Wajeremani wakaufanya mji huo kuwa makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, mwaka uleule ambao wamisionari wa Kimoravian walijenga kituo chao Rungwe. Waingereza nao walipoushika mji, visima viliendelea kuwa tegemeo, ila sasa maji yalivutwa kwa mashine.

Tangu siku hizo maji hayakugawanywa sawasawa. Mtaani kwa Wazungu mabomba yaliingia ndani ya nyumba, na watu wakamwagilia maua. Katika mitaa ya Waafrika, kama Kariakoo, wengi walisimama mstari penye bomba la mtaa, au walinunua kwa mchukuzi aliyepita na madebe. Neno hili mlikumbuke, maana litarudi mbele ya mazungumzo yetu.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1948 mji ulikuwa na watu wapatao 69,000. Kuelekea mwaka 1950 ulijengwa mtambo pale Mtoni wa kusafisha maji ya mto Kizinga. Uwezo wake ulikuwa chini ya lita milioni 10 kwa siku, na siku hizo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mwaka 1957 watu walipohesabiwa tena, walionekana karibu 129,000. Mji ulikuwa umekaribia kuongezeka maradufu katika miaka tisa tu, na maji ya Mtoni hayakutosha.

MTO RUVU

Ndipo mji ulipoutazama mto Ruvu. Mto huu hupata maji yake mengi katika milima ya Uluguru, huko Morogoro, kama vile Kiwira ipatavyo yake kwetu. Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi karibu na Mlandizi, na maji yakasafiri ndani ya mabomba makubwa makumi ya kilomita mpaka mjini. Hata mwaka 1976 ukafuata mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, uliojengwa kwa msaada wa Canada, wenye uwezo wa lita milioni 182 kwa siku.

Katika miaka ya 2010 mitambo yote miwili iliongezwa nguvu. Ruvu Juu ulitoka lita milioni 82 ukafika milioni 196, na Ruvu Chini ukafika milioni 270. Ninyi vijana wa shule, jumlisheni: mtapata lita milioni 466 kwa siku. Sasa gawanyeni kwa watu wa mkoa wa Dar es Salaam, ambao mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Mtaona ya kwamba kila mtu, hata mtoto mchanga, anapata kama lita 86, yaani karibu madebe matano.

Madebe matano kwa kila kichwa kila siku si haba. Ijapokuwa Kibaha na Bagamoyo nao hunywa maji hayohayo, na viwanda vinataka sehemu yake, bado mtu angetumaini kwamba kila nyumba ingeoga na kupika bila shida. Walakini watu wengi wa mji huo waliendelea kununua maji kwa madumu yaliyokokotwa kwa mikokoteni, na aliyenunua kwa dumu alilipa bei kubwa kuliko jirani yake mwenye bomba. Basi maji yalikwenda wapi?

YALIKOKWENDA MAJI

Katika miaka ya 2000, na kwa muda mrefu baada yake, karibu nusu ya maji yaliyosafishwa kwa ajili ya Dar es Salaam hayakulipiwa na mtu. Yalivutwa mtoni kwa mashine zilazo umeme, yakatiwa dawa, yakasukumwa safari ndefu, kisha nusu yake yakatoweka katika vitabu vya hesabu.

Kupotea huko ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni maji yamezwayo na ardhi. Bomba limezeeka, au kiungo chake kimelegea, au gari zito limepita juu yake, au mizizi imelipasua. Maji hutoka chini kwa chini, wala hayaonekani mpaka barabara ichimbike au majani yaote mabichi wakati wa kiangazi. Namna ya pili ni maji yatumiwayo bila kuhesabiwa: mtu amejiunganishia bomba lake usiku, au mita imekufa, au haikuwekwa kamwe. Haya hayakupotea kwa aliyeyanywa, lakini yamempotea anayetakiwa kuliziba bomba, maana hana fedha za kununulia kiungo kipya.

Tupime ufa mdogo. Chukua ufa utoao lita moja tu kwa dakika, uzi mwembamba wa maji ambao mpita njia hangegeuka kuutazama. Kwa saa moja ni lita 60, na kwa siku moja ni lita 1,440. Debe moja huchukua lita 18 hivi, basi ufa huo hunywa madebe 80 kila siku. Ikiwa nyumba moja yatosheka na madebe kumi, ufa huo umekunywa maji ya nyumba nane, nao haulali usiku wala haupumziki Jumapili.

Tena liko jambo baya zaidi ya hasara. Maji yakipelekwa mtaani kwa zamu, leo yapo na kesho hayapo, bomba hubaki tupu. Bomba tupu lenye ufa huvuta ndani yake maji machafu yaliyolizunguka, ya mitaro na ya vyoo. Siku ya zamu ikifika, mama hufungua koki akakinga maji ambayo yalisafishwa kwa gharama kule mtamboni, kumbe yamechafuka mita chache kabla ya kufika kwake. Kwa hiyo ufa ni mlango wa maji kutoka, na ni mlango wa kipindupindu na homa ya matumbo kuingia.

Watu walidhani kwamba kubadili msimamizi kungeponya ugonjwa huu. Mwaka 2003 kazi ya kugawa maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kampuni kwa mkataba wa miaka kumi. Haikufika miaka miwili. Mwezi wa Mei 2005 serikali iliuvunja mkataba huo, na kazi ikarudi mikononi mwa shirika la umma. Mwaka 2018 shirika hilo la ugawaji liliunganishwa na DAWASA, mamlaka ya maji ya mji. Majina yalibadilika, lakini bomba lililopasuka halisomi jina lililoandikwa mlangoni mwa ofisi. Bomba hupona siku linapochimbuliwa na kuzibwa.

MKONO WENYE BOMBA NA KICHWA CHENYE NDOO

Wataalamu watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, waliyapima matumizi ya maji majumbani katika Tanzania, Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, wakatoa kitabu mwaka 1972, jina lake Drawers of Water. Waliona ya kwamba mtu mwenye bomba nyumbani alitumia kama lita 128 kwa siku, na mtu ambaye maji yake yaliletwa kichwani alitumia kama lita 11 tu.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1997, wataalamu wengine walirudi mahali palepale. Wakakuta mwenye bomba ameshuka mpaka lita 66 hivi, na asiye na bomba amepanda kidogo mpaka lita 20 hivi. Je, wenye mabomba walikuwa wamejifunza kuweka akiba? Wengi wao la. Mabomba yao yalikuwa yamekauka, kwa kuwa mitambo ilizeeka na watu waliongezeka.

Hapa tujifunze kupambanua. Kukosa si kuweka akiba. Mama mwenye ndoo mbili kwa watoto watano hana la kupunguza, na mtu akimhubiria habari za akiba amemkosea heshima. Wa kuambiwa ni mwenye tangi lifurikalo usiku kucha, mwenye bustani imwagiliwayo saa sita mchana jua likiwa kali, na mwenye kuosha gari kwa mpira wa maji usiofungwa. Juu ya hao wote, wa kuambiwa ni mwenye kuyasimamia mabomba.

MWAKA WA UKAME

Mwaka 2022 mvua zilipungua, na Ruvu ikashuka sana. Mwezi wa Oktoba ilitangazwa kwamba maji yatokayo mitamboni yameshuka kutoka lita milioni 466 hata kama milioni 300 kwa siku, na mji wote ukaingia katika zamu. Wenye matangi makubwa walingoja kwa raha kidogo. Wenye ndoo walikesha.

Mwezi uliofuata visima virefu vya Kigamboni viliingizwa katika mabomba ya mji ili kupunguza shida, na mkataba ukatiwa sahihi wa kujenga bwawa la Kidunda juu ya mto Ruvu, shauri lililokuwa limesemwa kwa miongo mingi, bwawa la kuweka lita bilioni 190. Ni kazi njema, kwa maana mto usio na ghala hauwezi kuulisha mji mwaka wa njaa ya mvua. Lakini fikirini: mkulima akijenga ghala kubwa, na gunia lake lina tundu, ataonekana tajiri kwa siku ngapi?

MIJI MINGINE ILIVYOFANYA

Tusidhani ya kwamba jambo hili haliwezekani. Mji wa Tokyo huko Japani, katika miaka ya 1950, ulikuwa ukipoteza kama moja ya tano ya maji yake kwa kuvuja. Ukaendelea kubadili mabomba na kutafuta nyufa kwa bidii mpaka hasara ikafika kama sehemu tatu katika mia. Kazi hiyo hufanywa zaidi usiku, wakati mitaa imetulia. Fundi huweka ncha ya fimbo ya chuma juu ya bomba na sikio lake juu ya ncha ya pili, akasikiliza, kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Maji yavujayo hulia, na sikio lililozoea huisikia sauti yake.

Mji wa Windhoek katika Namibia, ulio katika nchi kame, ulianza mwaka 1968 kuyasafisha maji machafu ya mji mpaka yakafaa kunywewa tena. Nao mji wa Cape Town, Afrika Kusini, ulipatwa na ukame uliotisha. Mwezi wa Februari 2018 watu waliagizwa kutumia lita zisizopita 50 kila mmoja kwa siku. Nguvu ya kusukuma maji katika mabomba ilipunguzwa ili nyufa zisitoe sana, waliotumia kupita kiasi walitozwa zaidi, na kila juma watu walielezwa kiasi gani kimebaki mabwawani. Mji uliokuwa ukitumia kama lita milioni 1,200 kwa siku mwaka 2015 ulishuka chini ya nusu yake, na siku ya kufunga mabomba yote, iliyokuwa ikiogopwa, haikufika. Waliambiwa ukweli, nao wakaufuata.

NYUMBANI NA MAHALI PA KAZI

Ninyi mnaokwenda kukaa mijini, chukueni maneno haya machache. Mwenye mita na aitazame usiku baada ya kufunga koki zote, aandike tarakimu zake, kisha aitazame tena alfajiri kabla mtu hajanawa. Ikiwa imesogea, pana ufa. Mwenye choo cha kuvuta maji na atie rangi kidogo ndani ya tangi lake bila kuvuta. Rangi ikionekana chini bakulini, tangi linavuja. Boya la tangi la juu lisiachwe limeharibika, kwa kuwa tangi lifurikalo ni mto usio na faida. Maji yaliyosuuza mchicha yanaweza kunywesha mche wa ndizi.

Wenye biashara nao wana zamu yao. Mwenye hoteli anaweza kubadili koki zinazomwaga sana, na mwenye kiwanda cha vinywaji anaweza kuyatumia maji ya suuzo la mwisho la chupa kuwa maji ya suuzo la kwanza. Mwenye kuosha magari na atumie ndoo na kitambaa, na mwenye bohari, ambaye bati zake ni pana kuliko uwanja wa shule, akinge mvua. Hawa wakiweka akiba, hupungukiwa na gharama. Wala hawapungukiwi na kitu kingine.

SISI TULIO JUU YA CHEMCHEMI

Sasa narudi nyumbani. Mtu asiseme, "Hayo ni ya watu wa mijini." Vijiji vyetu vingi hunywa maji ya mserereko, yaani maji yatelemkayo yenyewe kutoka chemchemi bila mashine. Kwa kuwa hayana mashine, twadhani hayana gharama. Nimeona mara nyingi koki ya kijiji imevunjika, maji yakamwagika mchana na usiku, na watoto wakaruka tope lake kwenda shuleni. Aliyenikuta nikitazama aliniambia, "Yaache, maji ni mengi." Lakini katika bomba la mserereko, kimwagikacho kijiji cha juu hukosekana kijiji cha chini. Kule chini yuko dada wa mtu, amesimama na ndoo mbele ya koki kavu.

Tena chemchemi yenyewe ina adui zake. Mtu hufyeka mpaka ukingoni apate mistari miwili zaidi ya viazi, au hupanda mikaratusi bondeni, mti unywao maji mengi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi zenye kudhuru ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kabla ya sheria hiyo wazee wetu nao waliheshimu vijitu vya chemchemi na miti yake, wala hawakungoja askari. Watu wa Uluguru wakiharibu milima yao, Dar es Salaam hulia. Nasi tukiharibu yetu, Mbeya italia, na kabla ya Mbeya tutalia sisi.

Kwa hiyo agano kati ya mlima na jiji lina pande mbili. Sisi tulio juu tuna wajibu wa kuitunza miti ya chemchemi na kuziba koki zetu. Walio chini wana wajibu wa kuyahesabu maji, kuziba mabomba, na kuyafikisha kwa mwenye ndoo kabla ya mwenye bustani. Kijana wa Rungwe aliye fundi mjini, akiona maji yatoka barabarani, asipite. Na atoe habari siku ileile. Akifanya hivyo amelitetea bonde la nyumbani kwao.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dar es Salaam ilijenga kuta nyingi, Mtoni, Ruvu Juu, Ruvu Chini na nyinginezo, na kila ukuta ulikuwa wa lazima. Lakini ufa ulisubiri zaidi ya miaka hamsini. Mbeya na Kiwira wana nafasi ya kuanza na ufa. Na wewe, usomapo maneno haya, koki iliyo karibu nawe ni mzima?